Rejeta Nane za Marehemu: Mali ya Mirathi Iliyokaribia Kupigwa Nyundo

Marehemu aliishi Uingereza zaidi ya nusu ya umri wake, na aliporudi Unguja alirudi na kontena. Mlikuwamo vitanda, makabati, sahani, cherehani, maboksi ya vitabu, na rejeta nane za kupashia nyumba joto. Kule kazi yake ilikuwa kukarabati nyumba kongwe, na inaelekea alizichukua mojamoja kila mwenye nyumba alipoamua kuzing'oa. Alikusudia kuzifanyia nini huku, hakumwambia mtu. Kontena liliteremshwa bandarini Malindi, hapa Unguja, vitu vikapelekwa Fuoni, rejeta zikapangwa uani nyuma ya jiko la nje, na hapo ndipo zilipokuwa Mungu alipomchukua.

Ameacha mjane, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Mazishi yalilipiwa, madeni yakalipwa, ikabaki kugawa. Mirathi haigawiki mpaka kila kitu kijulikane ni nini na kina thamani gani, na hapa ndipo familia ilipokwama. Vitanda na makabati kila mtu anajua bei yake. Rejeta hakuna aliyejua. Muuza vyuma chakavu aliitwa, akaja na mizani na vijana wake, akazunguka mara moja, akataja bei moja ya kilo kwa zote nane. Kijana mkubwa akakataa. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba rejeta kongwe zinauzwa London kwa mamia ya pauni, na akaona wazi kuwa zile mbili zenye maua ndizo hazina, sita zilizobaki zichukuliwe tu. Binti akataka zote ziondoke, kwa sababu wanawe wanachezea hapo na wameanza kubandua rangi kwa kucha. Mjane akanipigia simu.

"Shemegi," akaniambia, "wewe umezifanya kazi hizi kule kwenye baridi. Njoo uniambie nina nini, nisije nikadhulumu watoto wa watu."

Nilizifunga na kuzifungua rejeta za namna hii kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, nikaja kuwa fundi bomba wa kawaida hapa Mjini. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu makontena ya watu wanaorudi hayajakoma, na vitu hivi vinakuja ndani yake. Naona uchungu kitu kilichosubiwa kwa ustadi, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kinapovunjwa na mtu asiyekijua. Tena moja kati ya zile nane ingeweza kumuunguza mtu.

Kwa asiyewahi kukaa kwenye nchi ya baridi, kazi ya rejeta ya nyumba ni nyepesi kueleza. Kuna boila mahali fulani ndani ya nyumba, linachemsha maji mpaka nyuzijoto 60 au 80 hivi, maji yanapita kwenye mabomba, yanaingia kwenye rejeta chini ya dirisha, yanaacha joto lake chumbani, yanarudi boilani yakiwa yamepoa. Wenzetu wa Uingereza hulenga sebule iwe na nyuzi 21. Hapa Unguja usiku wa kipupwe, kusi inapovuma, mara nyingi tunashuka hadi nyuzi 22 na tunajifunika shuka mbili. Kwa hiyo hata nyumba zile za ghorofa zilizojengwa Kikwajuni kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964 hazikuwekewa kitu cha namna hii, ingawa huko kwao wasingejenga nyumba bila hicho. Fundi wetu hana mahali pa kuvijulia, na simlaumu muuza vyuma hata kidogo.

Nilipofika, vijana wake walikuwa wameshateremsha mitungi ya gesi na nyundo kubwa. Nikawaomba wasubiri, nikaanza na ile niliyoiogopa.

Ilikuwa ndogo kuliko zote, nyeupe, ina mbavu nyembamba saba na vigurudumu vinne chini, na waya wa umeme umezungushwa ubavuni. Hii haikuwahi kuunganishwa na bomba lolote. Ni rejeta ya umeme yenye mafuta ndani: kiwandani hutiwa mafuta, huachiwa nafasi kidogo ya hewa ili mafuta yakipata moto yapate pa kutanukia, kisha huzibwa moja kwa moja. Chini kuna kipande kinachopata moto kwa umeme, kinayapasha mafuta, mafuta yanapanda na kushuka yenyewe ndani ya mbavu. Plagi yake ni ya pini tatu za pembe nne, sawasawa na soketi zetu, na umeme wake ni volti zilezile. Kijana mdogo wa marehemu alikuwa ameshaijaribu, ikawaka. Lakini ya wati 2000 ikiwaka mfululizo inakula uniti mbili kila saa, na waya wake ulikuwa umepasuka gamba. Haikuwa na kazi hapa.

Kijana wa muuza vyuma akasema, "Mzee, hii ndiyo nyepesi, naikata dakika moja." Angewasha moto wa gesi juu ya chombo kilichozibwa chenye mafuta. Mafuta yangegeuka mvuke, mvuke usingekuwa na pa kutokea, na bati lingepasuka likirusha mafuta yanayowaka usoni kwake. Nilimwonyesha alama tatu za kuijua: ina waya au tundu la waya, haina mahali popote pa kufungia bomba, na ukiitingisha polepole unasikia kitu kizito kinacheza ndani. Ukikuta hizo, moto usikaribie. Huondolewa waya, hutobolewa juu kwa drili ya mkono mahali pa wazi, na mafuta hukingwa kwenye dumu yakapelekwa gereji wanakokusanya mafuta machafu. Yasimwagwe uani. Maji tunayokunywa Unguja yanatoka chini ya mawe haya haya tunayoyakanyaga, na kinachomwagwa Fuoni hakibaki Fuoni.

Baada ya hapo nikatoa sumaku. Ndiyo ya kwanza kutoka mfukoni kwa sababu haihitaji ujuzi wala haibishaniwi. Rejeta moja ya rangi ya maziwa, mbavu zake pana na bapa zenye matundu ya kupitishia hewa juu, sumaku haikushika popote ila kwenye vizibo vya pembeni. Hiyo ni alumini. Wataliani ndio walioieneza aina hii katika nusu ya pili ya karne ya 20: alumini iliyoyeyuka inasukumwa kwenye kalibu kwa nguvu, mbavu zinatoka laini na nyembamba, kisha zinaunganishwa kwa nipo za chuma, yaani vibomba vifupi vya kuungia. Alumini ina uzito wa gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma cha kusubu gramu 7.2 hivi, ndiyo maana rejeta ile niliiinua peke yangu bila kukaza mgongo. Kwa muuza vyuma, kilo ya alumini si kilo ya chuma. Kwa ile bei moja aliyoitaja, familia ingepoteza zaidi hapa kuliko mahali pengine popote, na kwa kitu ambacho hakuna aliyekitupia jicho. Nikawashauri wazifungue zile nipo na vizibo kwanza, kwa sababu alumini iliyochanganyika na chuma hupunguzwa bei, na mnunuzi ana haki ya kuipunguza.

Zikabaki sita, zote zinashika sumaku.

Moja ilikuwa ubao mmoja wa bati, bapa, wenye mawimbi ya wima, umechomelewa pembezoni. Hizi ndizo zilizoingia kwenye nyumba za kawaida za Uingereza kuanzia miaka ya 1960, pale watu walipoacha moto wa makaa ya mawe chumbani. Mabati mawili yanabonyezwa kwa mashine yakapata mifereji, yanawekwa uso kwa uso, yanachomelewa. Za baadaye zimeongezewa nyuma mapezi ya bati yaliyokunjwakunjwa ili hewa ipande kwa kasi, na kiwandani huitwa kwa namba mbili: ya kwanza ni idadi ya bao, ya pili ni idadi ya safu za mapezi. Namba 11 ni ubao mmoja na safu moja, namba 22 ni mbili na mbili. Hii ya marehemu haikuwa na pezi hata moja, na urefu wake wa kwenda juu ulikuwa wa inchi kamili, si wa milimita 450 au 600 kama zinavyotengenezwa sasa. Ni ya zamani, ila uzamani wake hauna mnunuzi. Kutu ilikuwa imeshatoboa pembe ya chini. Ni chuma chakavu, na hapo niliafikiana na muuza vyuma kwa furaha.

Ya nyingine kila mtu aliidhani nzito. Ilikuwa ndefu, ina nguzo tatu kwa kila ubavu, umbo la zile za kale kabisa. Kijana mkubwa aliniambia, "Ami, hii nayo ni ya kusubu." Nikamwambia ainyanyue upande mmoja. Ikanyanyuka kirahisi, akashangaa. Ni mabomba membamba ya chuma cha pua, yaani stili ya kawaida, yaliyochomelewa kwenye vichwa vya juu na chini. Aina hii ilianzishwa Uswisi na Zehnder mwaka 1930, na inatengenezwa mpaka leo, kwa hiyo umbo lake peke yake halikwambii umri. Ukipitisha kidole pale nguzo inapoingia kwenye kichwa, unakuta mshono wa kuchomelea. Chuma cha kusubu hakina mshono huo: nguzo na kichwa vimezaliwa pamoja kwenye kalibu. Ukigonga kwa spana, ile ya mabomba hulia sauti nyembamba inayodumu. Ya kusubu hujibu kwa sauti nzito, fupi. Ukikwangua kidogo kwa grainda mahali pasipoonekana, chuma cha pua kinatoa cheche ndefu nyeupe za kupasukapasuka, cha kusubu kinatoa fupi zenye wekundu. Nilifanya hivyo mbele ya wote, kila ndugu aone kwa macho yake.

Tofauti hii ina faida yake hapa kwetu. Fundi geti anaweza kukitumia chuma cha pua: anakikata, anakipinda, anakichomelea. Cha kusubu akikichomelea kwa vijiti vya kawaida kinapasuka kando ya mshono kikishapoa, akikipinda kinavunjika, na moto wa gesi haukikati vizuri. Ndiyo maana vijana walikuja na nyundo. Mhunzi naye hakitaki, kwa kuwa hakifuliki. Kazi yake ni kuyeyushwa tena tu, na hayo hufanyika Bara. Kwa hiyo hata mahali penye sumaku inayoshika zote, kuna bei mbili na matumizi mawili, na muuza vyuma mwenyewe alikiri kwamba akipeleka mchanganyiko hukatwa.

Sasa zile nne zilizobaki, ambazo ndizo zilizoleta ugomvi.

Mbili zina maua: majani yanayojipinda, mashina, utepe unaopanda kila nguzo, na miguu iliyochongwa kama ya kiti cha kifahari. Moja haina maua kabisa, ina nguzo nne nene kwa kila ubavu, na jina IDEAL limesubiwa kwenye ubavu wa mwisho, juu yake rangi ya kijani, chini ya kijani krimu, chini ya krimu kahawia. Ya nne ndiyo iliyoonekana mbaya kuliko zote: mbavu zake ni bapa, laini, hazina pambo wala mfereji, zimeachana kwa nafasi kubwa kiasi cha mkono kupita. Kijana mkubwa alikuwa ameshaikubali ile ya nne ivunjwe.

Mtu anayezitazama kwa mara ya kwanza hutazama maua. Mimi nawasihi waitazame miunganiko. Maua yanaweza kuigwa na kiwanda chochote chenye kalibu nzuri. Jinsi ubavu mmoja ulivyofungwa kwenye mwenzake, tundu lilipo, hesi (mistari ya skrubu) ilivyokatwa, na kilichobaki ndani, hivyo ni vigumu kuviigiza na hakuna anayejisumbua kuviigiza.

Kijana alianza na dai kubwa. Alisoma kwamba rejeta za maua za Marekani zilikuwa za mvuke, na kwamba hizo ndizo za thamani. Ni kweli kwamba Marekani nyumba nyingi zilipashwa kwa mvuke. Kule ndiko Joseph Nason na Robert Briggs walikopata hataza yao, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1863 ya rejeta ya mabomba ya wima yaliyosimama juu ya kitako cha chuma cha kusubu, na kule ndiko viwanda kadhaa viliungana mwaka 1892 vikawa American Radiator Company. Lakini rejeta ya mvuke ina alama yake. Mvuke hauhitaji njia juu na chini. Unaingia chini, unapanda kwenye kila ubavu, ukipoa unakuwa maji na kushuka. Kwa hiyo za kale za mvuke zimeunganishwa chini tu, na ukitazama kwa juu unauona mwanga kati ya ubavu na ubavu. Maji ya moto hayawezi kwenda hivyo, hewa ingekwama juu ya kila ubavu. Za maji lazima ziunganishwe juu na chini. Tena ya mvuke huwa na tundu dogo la valvu ya hewa katikati ya kimo cha ubavu wa mwisho, na ya maji ina koki yake ya kutolea hewa juu kabisa. Tukainama, tukatazama pamoja. Zote nne zimeunganishwa juu na chini, zote zina tundu juu. Ni za maji. Hiyo ndiyo hali ya Uingereza, ambako mvuke majumbani haukushika.

Nikafungua kizibo cha pembeni cha moja ya zile za maua. Kilifunguka kwa spana ya kawaida, kikatoka na pete ya mpira, safi. Nikaingiza kidole: vumbi jekundu kavu. Nikafungua kizibo cha ile ya IDEAL. Hicho kilitaka spana kubwa, bomba la kuongezea nguvu, mafuta, na subira. Kilipotoka kilikuwa kimezungushiwa nyuzi za katani zilizokauka, zimepakwa utomvu mgumu, vilevile kama mafundi bomba wakongwe wa hapa wanavyofunga. Ndani mlikuwa na tope jeusi lililokauka, na ule weusi ulirukia sumaku.

Tope hilo ndilo ushahidi mzuri kupita wote. Maji yanayozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa huishiwa oksijeni, na chuma kikiliwa kwa namna hiyo hutoa unga mweusi unaovutwa na sumaku, si kutu nyekundu. Kutu nyekundu hutokana na hewa. Rejeta iliyofanya kazi miongo kadhaa ina tope jeusi pembe za chini. Iliyokaa tu, au iliyotoka kiwandani ikapita dukani na mvua ya njiani, ina vumbi jekundu. Zile mbili za maua hazikuwahi kupasha chumba chochote.

Alama nyingine zikafuata upande uleule. Chini ya rangi ya nje mlikuwa na tabaka moja tu la kijivu, sawasawa kila mahali hadi kwenye pembe ambazo brashi haifiki, yaani imepuliziwa kiwandani. Nyayo za miguu hazikusuguka. Hazina jina popote. Kati ya ubavu na ubavu mna pete nyembamba ya kisasa badala ya chuma kugusa chuma. Ni rejeta mpya zilizotengenezwa kwa umbo la kale, na viwanda vinavyozitengeneza viko katika nchi kadhaa leo. Si uongo na si bandia ya kudharauliwa: ni chuma cha kusubu cha kweli, kizito, na aliyenunua huko alilipa fedha nzuri. Ila si ya kale, na bei za kale alizoziona kijana kwenye simu hazizihusu.

Nilimwambia hayo taratibu, kwa kuwa niliona uso wake. Alikuwa anampigania baba yake, kwamba hakukusanya takataka.

"Baba yako alijua," nikamwambia. "Hebu njoo huku."

Nikampeleka kwenye ile mbaya. Mbavu bapa zilizoachana ni za hospitali. Mwanzoni mwa karne ya 20 wauguzi na madaktari wa Ulaya walitaka kitu ambacho vumbi halijifichi ndani yake, kinachofutika kwa kitambaa kila upande. Ndipo viwanda vikasubu umbo lisilo na pambo, mbavu mbalimbali, na nyingine zikawekewa bawaba upande mmoja ili rejeta nzima ivutwe kama mlango na ukuta wa nyuma usafishwe. Hii ya marehemu ilikuwa nazo: vipande viwili vya shaba upande wa kushoto, vimejaa rangi kiasi kwamba vilionekana uvimbe tu. Nikakwaruza kidogo kwa ncha ya kisu, shaba ikang'aa. Ndani tope jeusi. Kwenye vizibo katani. Vipimo vyake inchi kamili. Wakarabati wa majengo kongwe Uingereza hutafuta za namna hii, kwa sababu ukishavunja iliyopasuka hupati ya kuifananisha.

Ile ya IDEAL inatoka kwenye kiwanda cha National Radiator Company kilichokuwa mji wa Hull, tawi la Uingereza la ile kampuni ya Marekani niliyoitaja. Nguzo zake nene zinaonyesha ni ya miongo ya mwanzo ya karne ya 20; baadaye nguzo zilizidi kuwa nyembamba. Hapo kijana akaniuliza kuhusu mwaka, maana aliona nambari zimesubiwa kwa nyuma. Nambari zilikuwa za kalibu. Na hata palipoandikwa mwaka, hasa kwenye za Marekani, mara nyingi ni mwaka wa hataza, si wa kutengenezwa, na rejeta inaweza kuwa imesubiwa miaka ishirini baada ya hapo. Anayeuza kwa kuusoma mwaka ule anauza kwa kukisia.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo vijana wa nyundo walilifurahia. Zile zilizofungwa kwa nipo za hesi, kila nipo ina hesi ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande wa pili. Fundi anaingiza fimbo ndefu ndani ya rejeta mpaka ifike kwenye nipo, anaizungusha, na mbavu mbili zinavutana kwa pamoja. Ukizungusha kinyume zinaachana, na rejeta ya mbavu kumi inakuwa mizigo kumi midogo. Nyingine za kale hazina hesi: zina pete za chuma zilizosukumwa kwa nguvu, na fito ndefu zinazopita kutoka mwisho hadi mwisho zikibana zote. Ukiona nati ya fito kwenye ubavu wa mwisho, usitafute hesi ndani, utaharibu. Ile ya hospitali ilikuwa na fito.

Likabaki suala la rangi, ambalo binti alilianzisha na ndilo lililonisumbua moyo kuliko bei. Rangi za zamani za Ulaya zilikuwa na madini ya risasi kwa wingi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na Uingereza ilichelewa zaidi kuziondoa kabisa madukani. Rejeta yenye matabaka matatu manne ya rangi, na la chini ni la kabla ya vita, ichukulie kuwa ina risasi. Ikiwa nzima haina neno. Vumbi lake na vipande vyake ndivyo sumu, na mtoto ndiye anayedhurika, kwa kuwa mwili wake unainyonya risasi haraka na ubongo wake bado unakua. Wajukuu wa marehemu walikuwa wakibandua vipande vile na kuvitupiana. Siku hiyohiyo zile mbili za kale zilihamishwa kutoka uani, mchanga wa juu ukakwanguliwa na kutiwa kwenye mfuko, watoto wakaoshwa mikono, na nikamwambia mama yao awapeleke wakapimwe damu akipata hospitali inayopima. Mtu asikwangue rangi hizo kwa msasa mkavu wala kuzichoma kwa moto. Kinachofaa ni kufuta kwa kitambaa chenye maji, kisha kupaka rangi mpya juu yake.

Hesabu yenyewe haikuchukua muda baada ya hapo. Ubao wa bati na ile ya mabomba zilipimwa kama chuma cha kawaida. Alumini ilifunguliwa, ikapimwa peke yake kwa bei yake. Ile ya umeme ilitobolewa, mafuta yakakingwa, gamba likaenda na bati. Muuza vyuma alilipa kwa mafungu mawili badala ya moja, na hakukasirika. Aliniomba nimwonyeshe tena ile ya kugonga kwa spana.

Zile mbili za maua kijana mkubwa alizitaka mwenyewe. Ndugu waliridhiana bei, ikakatwa kwenye fungu lake. Anasema atamuuzia mtu anayetengeneza nyumba ya wageni Mji Mkongwe, wazisimamishe ukumbini kwa urembo, na kwa kazi hiyo hazina kasoro yoyote, mradi atamwambia mnunuzi kwamba ni mpya.

Za kale mbili zilikuwa ngumu zaidi. Soko lake liko Ulaya, na kuzirudisha kwa meli mzigo wa chuma cha kusubu kunaweza kumeza faida yote. Kuzivunja sikukubali, na mjane naye hakukubali. Tulichofanya ni kuziandikia: vipimo, idadi ya mbavu na nguzo, picha za miunganiko, matundu, jina, bawaba na fito, kwa sababu mnunuzi mjuzi atauliza hayo kabla ya kuuliza rangi. Jamaa zao walioko Uingereza wamepewa picha hizo. Kwenye mirathi zimehesabiwa kwa bei ya chuma chakavu, na ikaandikwa mbele ya mashahidi kwamba zikiuzwa zaidi ya hapo, ziada itagawiwa kwa mafungu yaleyale: thumuni ya mama, na kilichobaki mafungu matano, mawili kwa kila kijana na moja kwa binti.

Sasa ziko stoo, juu ya mbao, zimepakwa rangi mpya, na vizibo vimerudishwa kwa katani.